Nilivyoambiwa nipige picha ya mvua ili nisifukuzwe kazi, Ruangwa

Wakuu, nimeshavuka tisini, kwa hiyo shikamoo zenu nazipokea kwa jumla. Anayebonyeza simu ni mjukuu wangu. Haya yamenikuta mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa kibarua wa mradi wa karanga. Kazi yangu kupima mvua kwetu Ruangwa. Kopo la kupimia lipo uani, kila asubuhi nasoma maji, naandika, karatasi inapanda lori kwenda Nachingwea kwa bosi, Mzungu mmoja mkavu kweli.

Msimu ule Ruangwa ilinyesha, Nachingwea kukavu. Bosi akaniita, akasema najaza kopo kwa maji ya kisima.

Mimi jamani! Iliniuma mpaka machozi, sioni aibu kusema.

Akanipa kamera ya boksi na filamu. "Niletee mvua kwenye picha. Ukishindwa, kazi huna."

Nikasema moyoni, hilo tu? Kumbe.

Siku zile picha ilikuwa jambo la heshima. Wingu lilipotanda nikafagia ua, nikaondoa vyombo vyote, mvua ikashuka nikapiga nikiielekeza kamera juu. Filamu iliposafishwa na fundi wa picha wa mjini, weupe mtupu. Bosi akacheka kwa pua, akanipa filamu ya pili na ya mwisho.

(Mjukuu anauliza kwa nini sikuchukua video. Mwacheni.)

Mvua iliyofuata ilikuja jua likiwa bado linawaka. Mama yangu alishapanga sufuria zake uani kukinga maji, mwenyewe kakaa mlangoni mwa jikoni. Nikamwambia aondoe sufuria, na yeye asogee, anaharibu picha.

Akagoma. "Mvua siyo bwana harusi. Na huko juu unatafuta nini? Mimi naiona hapa, kwenye giza la jikoni."

Nikageuka. Kweli bwana, mbele ya ule mlango mweusi mvua ilionekana mistari myeupe, kama nyuzi. Nikapiga filamu yote palepale.

Safari hii mistari ilitoka. Bosi aliitazama ile picha muda mrefu, kisha akaingiza namba zangu kwenye kitabu chake. Samahani hakusema. Lakini wakuu, nilivyotoka mle ofisini nilikuwa mwepesi, nikacheka peke yangu njiani mpaka watu wakanishangaa.

Yule fundi wa picha wa mjini alinisafishia nakala, ninayo hadi leo. Mvua, sufuria, na nyuma mama kaachama, bado ananigombeza.

Ndiyo picha pekee aliyowahi kupigwa maishani mwake.

Funzo nililopata: ukitaka kupiga picha nyumbani, acha vitu na watu walivyo. Mimi ilibaki kidogo nimfukuze mama kwenye picha kwa ajili ya mvua.

Haya, na nyie mliowahi kuitwa waongo mkiwa wakweli, mlijinasuaje? Andikeni, mjukuu atanisomea.