Vidole vya Popo

Kazi yake ilikuwa kuunga mifupa ya wanyama katika jumba la makumbusho, na hata sokoni watu walimwita Mama Mifupa. Meza yake ilitazamana na ya mwenzake. Hawakuzaliwa tumbo moja, lakini walizoeana mpaka wakawa wanaitana pacha.

Walipotakiwa kuandaa chumba cha kuonyesha jinsi wanyama wanavyokwenda, Mama Mifupa ndiye aliyepata njia ya kukieleza. Alinyoosha mkono, akawa anakunja kidole kimoja kimoja.

"Mkono ni huuhuu, pacha. Popo vidole vimerefuka, vikatandazwa ngozi, sasa anaruka. Pomboo vyake vimejificha ndani ya pezi. Mababu wa farasi walikuwa na vidole kadhaa. Vizazi kwa vizazi vikapungua, kikabaki kimoja, na leo anakimbia juu ya ukucha wake. Hakuna aliyepewa mkono mpya. Kila mmoja alirithi wa zamani, ukageuka polepole."

"Hapo umeua!" pacha wake akasema.

Kisha mama mzazi wa Mama Mifupa akaugua, ikabidi aende kumuuguza.

"Nenda, mwaya," pacha akamwambia. "Tutafungua ukirudi."

Alirudi akitoka kuzika. Chumba kilikuwa kimeshafunguliwa. Popo ananing'inia darini, mabawa wazi, na wanafunzi wamemzunguka pacha wake, aliyenyoosha mkono akikunja kidole kimoja kimoja.

"Hakuna aliyepewa mkono mpya," alikuwa akisema.

Mwalimu wao akauliza wazo zuri namna ile alilitoa wapi.

"Lilinijia tu, nimekaa mezani."

Hapo macho yao yakagongana. Mama Mifupa akaegemea ukuta. Kikulacho ki nguoni mwako. Angekuwa adui, asingeumia hivyo.

Wanafunzi walipotoka, mwenzake akamjia mbio. "Pole na msiba, pacha. Mkuu wa jumba alikuwa na haraka, nawe hukuwepo..."

"Kwa hiyo ukanizika na mimi?"

"Jamani, si maneno tu!"

"Ungetumia yako. Na pacha usiniite tena."

Mkuu alipopata habari, jina la Mama Mifupa liliongezwa kwenye kibao cha chumba, chini kabisa, herufi kama sisimizi. Yeye alishahamishia meza yake stoo, anaunga chatu. Siku moja, karibu na mkia, akakuta vijifupa viwili, masalia ya miguu ya nyuma. Akainua uso kwa furaha amwonyeshe mtu. Mbele yake palikuwa na rafu na makopo ya gundi.

Akainama, akaendelea.