Revolva ya zamani ya jeshi: tulivyoipeleka kwa fundi Stockholm, kitako kikamkataa mwenyewe

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Hiki kisa nimekishuhudia kwa macho yangu, sitii chumvi. Wale wa "weka picha" mnisamehe, picha za silaha siweki mtandaoni.

Mimi Mbongo, naishi Rågsved, pembezoni mwa Stockholm, nafanya usafi kwenye ofisi za watu wa IT kule Kista. (Msije PM kuomba connection, hata mimi natafuta.)

Kanisani nilizoeana na mzee mmoja Mkongo wa Bukavu, anakaa Norsborg. Tunamwita Papa Zakaria. Ujanani alikuwa mwanajeshi, baadaye akakimbia vita akaja huku. Mkewe alishafariki, na wajukuu wakija wanamjibu kwa Kiswidi.

Starehe yake ni shooting club. Kila Jumamosi anatoboa karatasi na wazee wa Kiswidi, halafu wanakaa kunywa kahawa. Pale ndipo watu wanamsubiri, akichelewa wanapiga simu.

Anatumia revolva ya zamani ya jeshi. Chuma kizito, triga ngumu, kitako (pale pa kushikia) chembamba. Ana kibali na inalala kwenye sefu. Habari za kutembea nayo kiunoni sahauni.

Sasa kibali kilikuwa kinakaribia kuisha. Ili apewe kingine, lazima club ithibitishe kwamba bado analenga vizuri. Na Papa alikuwa anakosa, tena vibaya. Akikosa kibali anaisalimisha revolva, na Jumamosi zake zimeishia hapo.

Akaniomba nimsindikize kwa fundi wa bunduki nimkalimanie. Fundi anaitwa Lennart, mzee mpole, mikono imejaa mafuta.

Lennart akasema atailainisha triga, ila siyo sana. Kwenye mashindano wananing'iniza uzito kwenye triga, ikijiachia chini ya kiwango unatolewa nje. Sight ya mbele, ile ya kulengea, ataweka nene, macho ya uzee yaione. Na kitako atachonga kipya cha mbao, kifuate mkono wa Papa.

Akapaka udongo laini kwenye kitako cha zamani ili uchukue alama ya mkono, akasema, "Shika kama unavyoshika siku zote."

Wakuu, mngemwona Papa! Alisimama wima, kifua mbele, visigino pamoja, akakaba ule udongo utadhani yupo gwaride mbele ya jenerali. Lennart akauliza, "Känns det bra?" Yaani, mkono unajisikia vizuri?

"Bra, bra. Tack," Papa akajibu. Vizuri, asante.

Tulipoifuata revolva ilikuwa imependeza kweli. Triga laini, mbao inang'aa. Tukaenda moja kwa moja club.

Risasi zikaenda ovyo kuliko mwanzo. Nilimwonea huruma mpaka nikaangalia pembeni. Papa akaiweka chini, akasema, "Mwana, nitairudisha kwa polisi. Muzee amemaliza."

Tukakaa kunywa kahawa. Nikaona ameshika kikombe kwa mikono miwili, na vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vimekaa tu nje, havikunji.

Mkubwa humwulizi "unaumwa nini" hivi hivi. Nikazunguka: "Papa, kahawa ya moto leo?"

Akacheka kidogo. "Hii vidole mbili haisikie tena. Tangu mwaka jana. Ku club batasema muzee anagonjwa, akae kwake."

Kumbe! Pale kwa Lennart alijikaza, akakamata kama alivyokamata akiwa kijana. Fundi wa watu akachonga kitako cha mkono ambao haupo.

Nikamwambia, Papa, mficha uchi hazai. Akasukuma kikombe pembeni. Nikajua nimevuka mpaka, nikaomba radhi.

Wiki iliyofuata akanipigia mwenyewe twende kwa Lennart. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumsemea. Hakunipa nafasi. Akauweka mkono mezani, akajaribu kuukunja mbele ya fundi, vile vidole vikabaki vimenyooka. Akasema kwa Kiswidi chake, "Mkono ni huu. Ule mwingine nilikudanganya."

Lennart alileta udongo mwingine na kiti.

Kitako cha pili ni kibaya, wakuu. Kimevimba upande mmoja kama kiazi, mtu mwingine akikishika kinamtoka. Lakini Papa alipita kwenye majaribio, uzito ukaning'inizwa triga ikavumilia, na barua ya club ikaenda polisi.

Somo nililopata: sisi tukiulizwa hali tunajibu "salama" hata mbele ya mtu aliyekaa tayari kutusaidia. Fundi, daktari, hata mke. Anakuchongea kulingana na ulichomwonyesha.

Nyie je, "salama" yenu iliwahi kuwagharimu nini? Tiririkeni hapo chini, na wenye hobby hii pia karibuni.

Mimi nimeshaandika. Kesho naenda kwa daktari na huu mgongo, na safari hii namwambia unauma.