Wote Wana Picha ya Kaaba

Siku hiyo tulikuwa watu wanne nyumbani kwetu Kansanga. Mimi. Mwanangu wa pili, mwenye duka la vitambaa. Mke wake, ambaye kwao ni Waganda Waislamu tangu babu yao, na anajua Kiswahili chetu kuliko anavyokiri. Na binti yao wa kwanza, wa miaka kumi na mmoja. Dada yangu wa Jinja naye nilidhani yupo, ndani ya simu. Majina yote ninayo, hata la aliyechinja mbuzi wa akika ya huyo binti, na la baba yake huyo mchinjaji. Siyaandiki. Atakayefika mwisho atajua kwa nini.

Kosa la kwanza lilikuwa la mtoto. Baba yake alimpa simu yake kuukuu kwa ajili ya masomo, na yeye akajirekodi sebuleni akicheza muziki, akaiweka video hiyo kule ambako dunia nzima inatazama. Nyuma yake nikapita mimi, natoka kutawadha, kichwa wazi, taulo begani. Sikujua. Aliyeniambia ni muuza chapati wa pale njiani, anayeniita Jaja, yaani bibi, kama anavyoniita mjukuu wangu.

"Jaja, kumbe mvi zako ndefu hivyo! Unapaka nini?"

Nikanunua chapati mbili nikarudi nyumbani.

Wanazuoni wanasema mwanamke mzee amepunguziwa katika mambo ya kujifunika. Mimi sikuwa nimeomba kupunguziwa.

Mwanangu alipoiona video akavua mkanda. "Mama, niache nimchape."

"Mtume, rehema na amani zimshukie, hakumpiga hata mtumishi wake."

"Mbona sisi ulituchapa?"

"Ndiyo maana najua haisaidii. Nikuangalie wewe nione ilisaidia nini?"

Akavaa mkanda wake. Akahukumu: video ifutwe, simu atanyang'anywa wiki moja, na aniombe radhi mimi. Kisha akaenda dukani.

Sasa nieleze kosa la pili, ambalo ni langu. Dada yangu amelea watoto tisa, na kila jambo la watoto lazima alisikie. Kuandika kwa simu siwezi. Herufi za Kiarabu nazisoma mbio. Hizi za shule, nilizoachia darasa la tatu, nazisoma kama anayechagua mawe kwenye mchele. Lakini kurekodi najua, ni kile kidoti chekundu. Nikaiegemeza simu kwenye kopo la sukari. Mtoto alidhani inachaji.

Akakaa mkekani, akaomba radhi vizuri tu. Nikasema nimesamehe. Badala ya kuinuka, akaanza kulia, mtandio ukamwanguka.

"Jaja, na kitu kingine."

"Sema."

"Ramadhani nilikunywa maji bafuni. Siku tatu. Na nyinyi mkanipa zawadi."

Kweli tulimpa. Siku ya Idi, akina mama wa darasa letu la dini la Alhamisi, tunalosomea pale pale madrasa, walimpa mswala wa mahameli, mbele ya watoto wote wa madrasa, kwa kufunga thelathini zote. Nikamwambia hajabalehe, saumu hiyo haijamlazimu. Uongo ndio mbaya, autubie na asirudie. Akajipangusa, akaenda kuosha vikombe. Hapo malezi yalikuwa yamekamilika. Ningekuwa na akili, ningekwenda kumsaidia vikombe.

Nikatuma ile video.

Sasa, watu kwenye simu mimi nawatambua kwa picha. Na sisi wanawake wa darasa hatuweki sura zetu, kwa stara. Dada yangu ameweka Kaaba. Mwalimu wetu ameweka Kaaba. Jirani yangu ana ua jekundu, lakini alipokwenda umra naye akaweka Kaaba. Na grupu la darasa, wanawake hamsini na kitu, lina Kaaba. Nikabonyeza Kaaba.

Wa kwanza kujibu ni yule ambaye husema "Mashaallah" kwa kila kitu bila kufungua. Wa pili alifungua. Akatuma sauti: "Subhanallah. Hata siku ya Lailatul Qadri?"

Ndipo nikajua si dada yangu. Nikaishikilia ile video kwa kidole, nikaona neno la kufuta, nikabonyeza. Ikafutika. Nikamshukuru Mungu, nikanywa chai. Mke wa mwanangu akaja na simu yake mkononi, akanionyesha. Kumbe ilifutika kwangu tu. Na nafasi ya kutengua, ili niifute kwa wote, nilikuwa nimeimalizia kwenye chai.

Kesho yake baada ya Alasiri binti alikwenda madrasa bila kujua. Hatukumwambia. Hilo nalo liandikwe upande wangu. Mtoto wa mwenzetu mmoja alimngoja mlangoni na chupa ya maji.

"Una kiu, Hajati? Au mpaka tukupeleke bafuni?"

Wote wakacheka. Akarudi nyumbani kabla darasa halijaanza, akaweka juzuu yake juu ya kabati.

"Jaja, sirudi tena pale."

Siku ya pili hakwenda. Ya tatu hakwenda. Alikuwa amebakiza sura mbili amalize juzuu Amma. Baba yake akaanza tena habari ya mkanda.

"Basi uanzie kwangu," nikamwambia. "Yeye alionyesha nywele zangu. Mimi nimeonyesha dhambi yake, ambayo Mungu alikuwa ameifunika. Pima mwenyewe."

Akatoka kwenda kuangalia gari, ambalo halikuwa na ubaya wowote.

Nikamwita binti. Nikamwambia nimekosa, nilimrekodi bila kumwambia, na adhabu achague yeye. Hakufikiri sana.

"Simu, wiki moja. Kama mimi."

"Sawa."

"Na uwaambie wafute. Lakini mimi usinitaje."

Alhamisi nikasimama mbele ya darasa, binti naye amekuja kushuhudia, amekaa karibu na mlango, viatu mkononi. Nilitaka kuwapooza kwa kuwaambia na mimi nilichokula Ramadhani moja nikiwa msichana. Mwalimu akanikata. "Mama, hiyo Mungu amekusitiria. Iache huko huko." Nikaiacha. Nikasema tu: "Nilifunua chungu kisicho changu. Mwenye kitu hicho kwenye simu akifute."

Wakatoa simu. Wakatazamana. Robo tatu yao hawakujua kufuta.

Kisha mwanamke mmoja, mama wa yule mtoto wa chupa, akainua simu yake kuelekea mlangoni bila kumtazama mtu. "Mwanangu, hebu nisaidie. Macho yangu haya."

Binti akaweka viatu chini. Akafuta kwa huyo, akahamia kwa wa pili, mstari mzima, kila mmoja akimpa simu na kugeuza uso. Mmoja akamwambia, "Ukiwa hapo hapo, nifutie na hii picha ya mkwe wangu." Alipomaliza, watoto wa madrasa walikuwa wanaingia. Akakaa alipokuwa akikaa siku zote. Sikutazama nyuma kuhakikisha; nilisikia sauti yake kwenye Fatiha.

Wiki yangu bila simu niliitumikia yote. Siku ya tano dada yangu alifika kutoka Jinja na sanda, akidhani nimekufa, maana simu sipokei. Nikamwandalia chakula. Aliuliza habari za watoto, nikamwambia wazima.

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Kama mlikuwepo na mmeona nimekosea, siku au idadi ya watu, nisahihisheni. Uzee hauna aibu ya kusahihishwa. Lakini njooni nyumbani, mbishe hodi. Msiniambie kwenye grupu.