Sufuria Nililolirudisha Tupu

Mama yangu, kule Ushirombo, hakuwahi kurudisha chombo cha mtu kitupu. Akiazima ungo, unarudi na karanga kiganja kimoja. Akiazima chungu, kinarudi na viazi vitatu, na kama nyumbani hakuna kitu kabisa anachuma majani ya kunde njiani anatumbukiza. Nimelelewa hivyo, na watoto wangu hapa Katoro nawalea hivyo. Sasa mtu huyohuyo, mimi, na mdomo wangu huu unaojua kuwafundisha wenzangu, ndiye niliyerudisha sufuria la jirani yangu likiwa tupu. Na huo utupu ulikuwa ndilo dogo kati ya mambo niliyolifanyia lile sufuria.

Jirani mwenyewe alikuwa mtu wa Tanga. Mumewe alifuata dhahabu kama wanaume wengine wote waliojaa hapa, naye akafungua duka la vitenge na viungo upande wa pili wa uzio wetu wa mabati. Yeye Mwislamu, mimi Mkatoliki, na kwa miaka minne hatukuwahi kukosana hata kwa neno. Tulikuwa tunaitana "jirani" tu, kana kwamba Katoro nzima haina jirani mwingine.

Binti yangu wa pili alikuwa anapokea Komunyo ya Kwanza. Wageni walikuwa watu wa jumuiya yetu, ndugu wachache wa mume wangu, na wifi yangu kutoka Mwanza. Huyu wifi ndiye aliyeniponza, au niseme kweli, kiburi changu mbele yake ndicho kilichoniponza. Kila akija lazima aniulize kama bado tunakula michembe ya viazi vikavu na maziwa mgando, halafu anacheka mwenyewe. Nikasema safari hii nitamfunga mdomo.

Nilikuwa nimeona kwenye simu chakula cha watu wa mbali: kamba, samaki, viazi, mahindi ya kukatakata na mayai, vyote vinachemshwa kwenye sufuria moja kwa pilipili, limau, kitunguu swaumu na siagi nyingi. Vikiiva vinamwagwa mezani juu ya nailoni, hakuna sahani wala kijiko, watu wanazunguka na kula kwa mikono, mchuzi mwekundu unawafika mpaka kwenye viwiko. Nikaagiza kamba wa bahari kutoka Dar, waje na basi kwenye boksi la barafu. Sangara na sato tunao wetu wa ziwani, hao hawakunipa shida. Baba watoto akasema chakula cha kubanguabangua hakimshibishi, akanunua kilo tatu za kitimoto, nyama ya nguruwe, nimkaangie pembeni, kwenye karai langu.

Nilipomwambia jirani habari za kamba, aliacha kupima binzari aliyokuwa anampimia mteja.

"Kamba? Kamba wa baharini, hapa Katoro? Jirani, usinitanie! Mimi tangu nihamie huku sijatia kamba mdomoni."

Akanifundisha pale pale. Viazi kwanza, vikikaribia kuiva tia mahindi, samaki wafuate, kamba mwisho kabisa. "Wakishajikunja wakawa wekundu, epua. Ukiwazidisha utatafuna ndala." Akanifungia pilipili manga, paprika na majani yenye harufu ambayo sikuwa nayajua, akakataa nimlipe. Kisha akaenda nyuma akaniletea sufuria lake la kilo kumi, lile la pilau ya Idi, maana langu kubwa lisingetosha hata viazi.

"Pika chochote," akasema, "ila yule mdudu wenu asiingie humu."

"Jirani! Hata kumtaja sitamtaja karibu na sufuria lako."

"Basi na mimi niwekee kamba wawili tu. Jumapili nina mzigo wa kupokea dukani, nitapita mchana."

Boksi lilifika Jumamosi jioni. Nilipolifungua, barafu ilikuwa maji ya uvuguvugu na kamba wa chini walikuwa wametoa harufu ya kumtoa nyoka pangoni. Nilitupa zaidi ya nusu. Sikumwambia mtu. Nilijiambia viazi vitajaza sufuria na siagi itaficha mengine.

Jumapili tumetoka kanisani, binti yangu na gauni lake jeupe, watu wamejaa uani. Sufuria linachemka, harufu ya kitunguu swaumu imetanda mpaka barabarani, na kwenye jiko la pembeni kitimoto cha baba watoto kinakaangika kwenye karai. Hapo ndipo wifi akaingia jikoni, mkono kiunoni, akafunua mfuniko bila kuniomba. Akachungulia. Akakoroga na mwiko wangu.

"Wifi," akasema kwa sauti ya kutosha watu wa uani, "hii ni supu ya mahindi? Mbona kamba wenyewe wanatafutana?"

Wanawake wawili wakacheka. Wa jumuiya yangu kabisa, wale ninaosali nao rozari.

Naomba nieleweke. Sikusahau. Sikuchanganya vyombo, wala hakuna mtu aliyekosea akatia. Wifi alipogeuka kurudi uani na kicheko chake, nililishika lile karai kwa kanga, mikono yote miwili, nikakimimina kitimoto chote ndani ya sufuria la jirani, pamoja na mafuta yake. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yanawaka. Na wakati namimina nililisikia neno la jirani vizuri kabisa, kama vile alikuwa amesimama hapo mlangoni. Nikamimina hivyohivyo.

Chakula kilitia fora. Tulikimwaga mezani, watu wakashangilia, wifi akanyonya vidole na kuniomba nimwelekeze. Nilisimama pale naitikia sifa, na moyoni nilikuwa nasubiri hodi.

Ikapigwa, mlango wa nyuma. Jirani alikuwa ametoka dukani moja kwa moja, mtandio umejaa vumbi la mzigo, bakuli la kauri mkononi, anatabasamu kama mtoto aliyeahidiwa nguo ya sikukuu.

"Jirani, harufu imenitesa tangu asubuhi. Nimeshindwa hata kuhesabu majora. Wako wapi kamba wangu?"

Nilisimama katikati ya mlango. Nyuma yangu watu walikuwa wanavunja magamba na kucheka, meza bado ina mlima. Ningeweza kumshika mkono, nikamvuta pembeni, nikamwambia: jirani, nimekosa, usile, nimekosa sana. Maneno hayo hayafiki kumi. Badala yake nikasema:

"Wameisha, jirani. Wageni wamekuwa wengi."

Akatazama juu ya bega langu. Nilimwona akitazama. Kisha akalitazama bakuli lake, akaligeuza chini juu, akasema, "Haya, si kitu. Hongera kwa mtoto." Akaondoka. Nilijifariji kwamba walau nimemwokoa asile haramu, na kwa siku hiyo nikaamini kwamba nimefanya jambo jema.

Sufuria nililisugua kwa stiliwaya, kwa majivu, kwa limau, mpaka kucha zikaniuma. Kesho yake nililirudisha. Kabla ya hapo nilishika mchele niutie ndani, nikauacha. Nikashika sukari, nikaiacha. Nilihisi nikiweka zawadi humo nitakuwa namdhihaki. Nikampa hivyo hivyo, tupu, linang'aa.

"Ahsante," akasema, akaliweka chini bila kulitazama. Hakuwa amewahi kuniambia ahsante kavu namna ile.

Mfungo wa Ramadhani ukaja. Kila mwaka alikuwa ananiletea futari mwenyewe, anakaa kidogo ukumbini, tunacheka. Mwaka huo alimtuma binti yake na hotipoti: mihogo ya nazi, tambi, maharagwe. Kupitia upenyo wa mabati nilikuwa namwona akipika, na chombo alichokuwa anakoroga ni lilelile. Mume wake amefunga tangu alfajiri, wanawe wamefunga, mama mkwe aliyekuja kutoka Tanga amefunga, na wote wanafuturu kutoka kwenye sufuria nililolichafua mimi. Watoto wangu walikula ile mihogo wakaramba sahani. Mimi sikuigusa.

Sokoni nilimuuliza mama mmoja Mwislamu anayeuza chapati, nikijifanya naulizia habari za mtu mwingine, chombo kilichoingiwa na nguruwe kinafanywaje. "Kinaoshwa mara saba, moja iwe kwa udongo," akasema, hata hakuacha kusukuma chapati. "Kwani ni nani?" Nikasema kuna mtu tu. Kumbe ni jambo dogo hivyo! Nikapanga kuliazima tena nilioshe kimyakimya. Mara tatu nilifika mpaka mlangoni kwake, na mara tatu nilinunua manjano nisiyoyahitaji nikarudi nyumbani. Mpaka leo nina manjano ya kutosha kijiji kizima.

Nikaenda kuungama. Padri alinisikiliza, akauliza swali moja: "Na jirani yako anajua?" Nikasema bado. Akanipa sala za kitubio, akaniambia niende nikamwambie. Sala nilizimaliza siku hiyohiyo. Kwenda kumwambia nikasema kesho.

Kesho zikafuatana, mpaka ikatimu miezi saba tangu ile sherehe. Asubuhi moja nikaona lori la Kenta limeegeshwa mbele ya duka lake, vijana wanapakia vitanda. Mumewe amesikia dhahabu inatoka Chunya, wanahama. Hakuwa ameniambia. Mwanamke niliyekuwa najua mpaka siku zake za kichefuchefu, nimejua kuhama kwake kwa kuona gari.

Nilitoka nikiwa na ndala mguu mmoja. Nilimkuta amekaa juu ya godoro lililofungwa kamba, anahesabu ndoo, na sufuria liko miguuni kwake.

"Jirani," nikasema, "usipakie hilo kwanza. Nililipikia nguruwe."

Ndivyo lilivyotoka, halina kichwa wala miguu. Akaniangalia. Nikamwambia yote: kamba walivyovunda, wifi, karai, mlango wa nyuma. Nilikuwa nalia nikisema, na sikujua kama nalia kwa ajili yake au kwa ajili yangu.

Akaiweka chini ndoo aliyokuwa ameishika. Kisha akasema polepole, "Mfungo mzima. Ulikuwa unaniona nikipika, mfungo mzima."

"Nilikuwa nakuona."

Akasimama. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Akasema, "Lete maji."

Alichota udongo mwenyewe chini ya mpapai wangu, akaulowanisha, akalisugua sufuria ndani na nje, pembe zote, mpaka chini ya vishikio. Mimi nilimwagia maji kwa jagi. Alikuwa anahesabu kwa sauti, na kila akitaja namba ananyoosha mkono bila kuniangalia, nami namimina. Vijana wa gari walisimama kututazama, dereva akapiga honi, hakuna aliyegeuka. Alipofika saba alilifudikiza juu ya jiwe, maji yakawa yanachuruzika.

"Ungeniambia siku ile pale mlangoni," akasema, anajifuta mikono kwenye kanga, "ningekutukana, ningechukua sufuria langu nikalioshe, ningekununia siku mbili tatu. Ningerudi. Ni maji tu, jirani." Akaikung'uta kanga. "Mimi niliona meza imejaa. Nikadhani umenionea aibu mbele ya wifi yako. Kwamba muuza duka na vumbi lake hafai kukaa na wageni wako. Miezi saba nimekuwa nikijiuliza nilikukosea nini."

Nilikuwa nimehesabu dhambi zangu kwa mpangilio, nguruwe, uongo, sufuria tupu, na hiyo kubwa kuliko zote hata sikuwa nimeijua. Wala padri sikumwambia, maana nilikuwa siijui.

Nilikimbia ndani, nikabeba mchele wote uliokuwa kwenye ndoo, nikatoka nao kwenye ungo. Walikuwa wameshafunga turubai. Sufuria lilikuwa mapajani mwake, amekaa mbele na dereva na mwanawe mdogo. Nikauinua ule ungo mpaka dirishani.

"Tafadhali, jirani. Lisiondoke tupu."

Akapitisha kiganja ndani ya sufuria, akanionyesha matone.

"Bado bichi," akasema, bila hasira. "Mchele wako utavunda njiani."

Gari likaondoka. Nilibaki barabarani na ungo wangu, na wale vijana wa bodaboda wa kona wakaniuliza mama mchele ni wa kuuza.