Viatu Vyeusi vya Marehemu Kasimiri

Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi. Cheka tu, ruhusa.

Nilisimama wima kama mlingoti wa bendera ya Mwingereza, na viatu vikalia vyenyewe miguuni. Kwii. Kwii.

Ngoja nikueleze.

Ni Tabora hiyo, zama za Mwingereza. Nimealikwa kwenye dansi la suti nyeusi na tai ya kipepeo. Mimi, ambaye babu yangu alibeba pembe za ndovu hadi pwani miguu mitupu!

Kaka yake Bernadeta, binti niliyemposa, aliniambia, "Nikolaus, uje umevaa kama mtu. Hapo hapo nitakupa jibu la posa yako."

Suti nikaazima. Haya, viatu je?

Vyangu vilikuwa vya kahawia, na suti nyeusi haitaki kahawia. Nikavipaka masizi ya sufuria. Vikawa na rangi ya mjusi mgonjwa.

Ndipo nikamkumbuka marehemu Kasimiri, mtoto wa baba yangu mkubwa. Alikuwa mhudumu hotelini, na viatu vyake ndivyo hasa: vyeusi, kamba nyembamba, havina urembo, vinang'aa mpaka unayaona meno yako humo. Kasoro moja tu: kila hatua, kwii. Mtaa wetu mzima wa Isevya uliijua sauti ile.

Nikaenda kwa mjane wake, Paskazia. Matanga yalikuwa hayajaondolewa. Wazee wa ukoo walikuwa wanatafuta wa kumrithi Kasimiri, mke na nyumba, na mimi nilikuwa navikwepa vikao vyao kama mbuzi anavyokwepa mvua.

"Shemeji, niazime viatu."

Hakuuliza vya nini. Akavileta, akapiga magoti, akanifunga kamba kwa mkono wake.

Nikaona heshima hiyo! Bwege mimi.

Nikashika njia ya kale ya misafara, jua linazama. Watu vibarazani wakanyamaza nikipita. Mbwa wa marehemu akanifuata, anatikisa mkia. Nikasimama nimfukuze.

Kwii. Kwii.

Nimesimama, jamani!

Nilifika dansini mbio, jasho chapachapa. Bernadeta akanishika mkono. Kaka yake akanikagua kuanzia tai, akashuka taratibu, akafika viatuni. Akatabasamu.

"Sasa umekuwa mtu."

Kabla hajaendelea, mlangoni akaingia Paskazia, amemshika mkono mama yake Kasimiri, bibi asiyeona. Bibi akaja moja kwa moja nilipo.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, Kasimiri. Twende nyumbani."

Mkono wa Bernadeta ukachomoka kwenye wangu.

"Kumbe una mke?" akauliza kaka mtu.

"Sina! Viatu tu hivi!" Nikainama kuvivua. Fundo likakataa.

Wewe unayesoma, ukivaa suti nyeusi chagua kiatu cheusi kinachong'aa, sawa. Ila uliza kwanza aliyekivaa kaacha nyumba inamngoja nani.

Nikamgeukia mjane. "Shemeji, waambie basi! Si uliniazima?"

Paskazia akanitazama bila kupepesa.

"Mwenye matanga haazimi viatu vya mumewe, Nikolaus. Humvisha mrithi."