Fundi wa dizeli anayerudisha injini ya petroli

Saa moja asubuhi, ukungu bado umeulalia mji wa Tukuyu. Ambindwile Mwasambili amelala chali chini ya Noah yake nyeupe, anafungua boliti za injini ya dizeli aliyoifunga mwenyewe mwaka jana. Pembeni, juu ya gunia, inasubiri injini ya zamani ya gari hilo, ya petroli.

Vijana wa gereji wanapita wakimtania. "Fundi dizeli, umehama chama?"

Zamani angewajibu mpaka wakimbie. Leo anaomba spana namba kumi na nne, basi.

Kwa zaidi ya miaka ishirini, katika gereji hii ya kando ya barabara iendayo Kyela, Ambindwile ameihubiri dizeli kuliko wenye malori wenyewe. Siku nzuri huondoka na shilingi elfu thelathini, siku mbaya huondoka na grisi tu, lakini maneno hayajawahi kumwishia. "Petroli ni ya kwendea harusini," alizoea kusema. "Pakia ndizi, pandisha mlima, ndipo utaijua dizeli."

Rodrick, jirani yake anayetengeneza magari ya petroli, hambishii sana. "Kwa mzigo hana uongo. Dizeli inavuta kuanzia chini, inakula mafuta kidogo na injini inadumu. Ila ikiharibika inakukamua, na asubuhi ya baridi inataka kubembelezwa. Petroli unageuza ufunguo, unaondoka zako."

Sababu ni hii: petroli huwashwa na cheche ya plagi, ilhali dizeli huwashwa na joto la hewa iliyobanwa. Kwenye baridi kama ya Rungwe, kuna plagi ndogo za kuipasha injini kwanza. Za Noah hii zilikuwa zimeungua, na Ambindwile alijua.

"Nilikuwa nasema kesho, kesho," anasema. "Nikautegemea mteremko."

Kila jioni, nyumbani kwake Kisondela, gari liliegeshwa pua ikitazama bondeni. Asubuhi liliachiwa liteleze, likatiwa gia, likakohoa na kuwaka. Majirani walicheka. Yeye aliwaambia huo ndio ufundi.

Juni mwaka huu mvua iliufanya mteremko kuwa tope tupu, na Prosper, mwanawe, akaliacha gari uwanjani, kwenye tambarare. Asubuhi yake Tulia, mke wa Prosper, alishikwa na uchungu wa mtoto wa kwanza. Wakampandisha garini. Prosper akageuza ufunguo, akarudia, akarudia tena, mpaka betri ikakata roho.

Ambindwile alikuwa hatua chache kutoka hapo, amesimama katikati ya migomba. Dawa aliijua vizuri: kuinua kiti cha mbele, maana injini iko chini yake, kushtua betri kwa ile ya sola ya jirani, na kusogeza kitambaa kinachowaka kwenye mdomo wa hewa ili injini ivute joto.

Lakini ndani ya gari alikuwamo mkwewe. Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila ya zamani, mwanamke na baba mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Katika familia ya Ambindwile bado inashikwa: Tulia akisikia sauti ya mzee hutokea mlango wa nyuma, na salamu zao hupitia kwa Agness, mke wa Ambindwile.

Asubuhi ile Tulia hakungoja mtu wa kumpelekea salamu. Aliliona shati la mzee migombani, au alibahatisha tu, akamwita baba kwa Kinyakyusa, kwa sauti yake yote, "Tata! Tata, njoo utuwashie!"

Ambindwile hakusogea.

Bodaboda ndiyo iliyomchukua Tulia. Alijifungua kando ya barabara kabla ya kufika hospitali. Mtoto alitoka salama, lakini mama alipoteza damu nyingi, akalazwa wiki nzima. Ambindwile alipojitokeza aliwaambia kwamba alikuwa amekimbilia barabara kuu kutafuta gari jingine, na wote wakamwamini.

Jumapili ijayo mtoto, Lightness, atabatizwa. Tulia ameomba nafasi amshukuru babu yake mtoto mbele ya usharika. Ujumbe aliuleta Agness, huku akitabasamu. "Mkweo anasema ndaga fijo, asante sana, ulihangaika."

"Nilinawa mikono, nikakiacha chakula," anasema Ambindwile.

Je, ni mila iliyomzuia? Anakaa juu ya tairi, anafuta mikono kwa muda mrefu ingawa imeshatakata.

"Ningependa uandike hivyo gazetini. Watu wangenielewa. Lakini mtoto wa watu alishaivunja mila yeye mwenyewe, akaniita. Mimi niliona majirani wanakusanyika. Nikaona aibu, watu wataona dizeli ya Ambindwile haiwaki. Nikajificha kwa ajili ya injini."

Anainamisha kichwa. "Hata kumpakata mjukuu siwezi. Agness akinipa namwambia nina mafuta mikononi."

Rodrick amemshauri anunue plagi mpya tu na kuiacha dizeli mahali pake. Ambindwile anakubali kwamba dizeli haina kosa, na malori ataendelea kuyatengeneza. "Kosa ni la aliyeifunga. Ila gari la nyumbani, la kubeba mzazi na mgonjwa, liwake popote lilipo. Baridi hii siyo ya kubahatisha."

Injini ya petroli ikikaa sawa, Jumamosi ataliendesha hadi nyumbani, abishe hodi mlango wa mbele wa nyumba ya mwanawe na kumwomba Tulia asitoke kwa nyuma.

"Akinikataza ubatizo, nitabaki nje," anasema. Kisha anauliza gazeti linatoka lini.

"Subirini Jumatatu, ndugu mwandishi. Asisome kwenu kwanza kwamba nilimsikia. Nataka asikie kutoka kwangu, akiwa ananitazama."