Beseni Juu ya Dari

Nyumba za serikali pale Kayanga zilipotangazwa kuuzwa, wapangaji walipewa nafasi ya kwanza ya kununua, na Adelgunda akashukuru Mungu. Alikuwa mjane wa Aristides, afisa mifugo. Aliingia katika nyumba ile akiwa bibi harusi kutoka Muleba, akamzaa humo Benitha na wadogo zake, na humo akamuuguza mumewe mpaka mwisho. Fungu la matengenezo lilikuwa halijaonekana tangu Aristides akiwa hai. Bati la sebuleni lilitoboka, na kila alipokwenda kulalamika aliambiwa asubiri bajeti.

Kisha ikaja habari kwamba mtathmini atapita kukagua kila nyumba, ndipo bei ipangwe.

Jirani yake Cleophace, karani mstaafu, alijiandaa kwa namna yake. Aling'oa mlango wa choo, akaacha kuku walale jikoni.

"Mama Benitha," aliita kutoka ng'ambo ya ua wa minyaa, "hii ni kama ng'ombe wa mnadani, ila wanunuzi ni sisi wenyewe. Mkondeshe!"

"Mgeni akanyage mavi ya kuku? Nitamwambiaje karibu?"

"Mgeni gani? Ile ni mizani yenye miguu."

Adelgunda hakumsikiliza. Kwao mgeni hapokelewi juu ya sakafu tupu. Alikata nyasi mbichi, akazitandika sebule nzima. Ndoo iliyokinga matone katikati ya chumba aliiona aibu, akamwita fundi Telesfori apande juu ya dari, aweke beseni la plastiki chini ya tundu, na kitambaa ndani yake ili matone yasisikike. Waa la dari likafunikwa kwa chokaa.

Mtathmini, kijana aitwaye Mwesiga, alifika mvua ikinyesha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa, upumzike."

Aliketi juu ya nyasi laini, akatafuna punje za kahawa kavu alizosogezewa kwenye kikapu kidogo, akasifu nyumba kwa dhati. Juu ya kichwa chake beseni lilikuwa likijaa kimyakimya.

Bei zilipotoka, nyumba ya Cleophace ilithaminiwa kama banda. Ya Adelgunda ilipita uwezo wa wanawe wote hata wakichanga, na asiponunua, ingeuzwa kwa mwingine. Cleophace alianza kucheka, akauona uso wa jirani yake, akaacha.

"Omba warudie," alisema. "Ila safari hii, shemeji, ukarimu wako ufungie kabatini."

Aliomba, wakakubali. Telesfori akapanda tena, akateremsha beseni. Nyasi hazikukatwa. Kiti cha mgeni Adelgunda alikiweka mwenyewe chini ya tundu, akajiona kama mtu anayetega mtego.

Masika hayakumwangusha. Tone la kwanza lilimpata Mwesiga shingoni, la pili likatua kwenye karatasi zake. Akainua macho. Dari ilikuwa imevimba kama tumbo la mbuzi mwenye mimba.

"Mama, mbona siku ile hukunionyesha?"

"Siku ile ulikuwa mgeni."

"Na leo?"

Adelgunda alitazama saruji iliyolowa. Kikapu cha kahawa kilikuwa juu ya kabati, kimefunikwa. Kijana akajifuta shingo, akamaliza kuandika akiwa amesimama, akaaga.

Bei ilishuka. Watoto wakachanga mpaka wakakauka, nyumba ikawa yake, pamoja na tundu lake. Pesa ya kununulia bati jipya haikubaki. Cleophace alipokuja kumpongeza, alikuta nyasi mbichi zimetandikwa na ndoo imerudi katikati ya sebule, ikidondokewa.

"Umewaweza, Mama Benitha!"

"Nimemnyima mgeni kahawa ndani ya nyumba ya Aristides," alisema, akamsogezea kikapu. "Tafuna wewe, na fungu la yule kijana."